Ukingo wa shimo uko wapi? Tuliyojifunza kwa kuwekea alama picha za anga, Mbeya na Iringa

Anayenunua viazi Uyole anajua kwamba gunia halijawa kipimo mpaka mkubaliane linaishia wapi. Mmoja anafunga usawa wa mdomo, mwingine anapandisha lumbesa, na wote wawili wataandika "gunia moja" kwenye daftari. Kazi ya kuwekea alama picha za Mwezi mtandaoni, ambayo watu wa kujitolea huwafanyia watafiti wa anga, ina tatizo hilohilo. Wape vijana wawili picha moja yenye shimo lililo wazi kabisa, uwaambie wachore duara. Wa kwanza atazungushia kivuli kilicho ndani ya shimo. Wa pili atafuata mgongo wa ukingo, pale ardhi ilipoinuka. Wote wameliona shimo, wote wamechora kwa uangalifu, lakini vipenyo vyao vinaachana mbali. Macho yao ni mazima na kipanya hakina kosa. Hawakuambiwa ukingo ni upi.

Haya tunayoandika yametokana na kazi ya vikundi vya wanafunzi na walimu huku nyanda za juu kusini, na tumeyaweka kwa ajili ya vikundi vinavyotaka kuanza.

Kwanza chombo chenyewe, kwa ambao hawajawahi kukifungua. Ni ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Picha kubwa iliyopigwa na darubini au chombo cha angani imekatwa vipande vidogo, na kila anayeingia anapewa kipande kimoja bila kuchagua. Pembeni kuna zana za kuchorea: nukta, mstari, duara, duaradufu, mstatili, poligoni. Unachagua zana, unabofya, unaburuta, unarekebisha kwa kushika vidoti vya pembeni, kisha unabofya kitufe cha kumaliza. Ukishamaliza, kipande hicho kinakwenda kwa mtu mwingine, na mwingine tena, mpaka idadi ya watazamaji waliyoipanga watafiti itimie, ndipo kinaondolewa kwenye foleni. Zooniverse, jukwaa ambalo wengi huanzia, lilifunguliwa Desemba 2009. Lilizaliwa na Galaxy Zoo, mradi wa Julai 2007 wa kupanga galaksi (makundi makubwa ya nyota) kwa maumbo yake, iliyoweka mtandaoni picha za galaksi karibu 900,000 na katika mwaka wake wa kwanza ikapokea majibu zaidi ya milioni 50 kutoka kwa watu karibu 150,000.

Kwa hiyo alama yako ni kura moja. Programu hukusanya alama zote za kipande kimoja, hutafuta zilizorundikana mahali pamoja na zenye ukubwa unaokaribiana, huzifanya kundi moja, kisha huchukua wastani wa kundi hilo. Alama iliyobaki peke yake, mbali na zingine, huachwa. Watu wengi husikia hilo wakaona uangalifu wao hauna maana, kwamba wastani utawasahihisha. Wastani hufuta makosa yanayokwenda huku na huku, huyu akichora kubwa kidogo na yule ndogo kidogo. Makosa yanayokwenda upande mmoja haufuti. Darasa zima likifundishwa kuzungushia kivuli, wastani wa darasa utakuwa shimo dogo kuliko shimo la kweli, na hakuna hesabu itakayolikuza baadaye. Vilevile kuacha bila alama nako ni kujibu. Ukiruka shimo dogo kwa sababu umechoka, umepiga kura kwamba hakuna kitu pale.

Sasa mwanga, ambao tungependa kila kikundi kiutumie muda mrefu zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ubongo wa binadamu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Picha ya Mwezi ambayo jua lake linatokea upande wa chini itageuka machoni mwako: mashimo yote yataonekana vilima, kama sahani zilizofunikwa. Na ukishaona vilima, huwezi kujilazimisha kuona mashimo kwa kutaka tu. Kabla ya kugusa zana yoyote, tafuta jua liko upande gani. Njia ya uhakika ni kutafuta mwamba. Mwamba umesimama juu ya ardhi, hivyo upande wake unaong'aa ndio ulioelekea jua, na kivuli chake kimelala upande wa pili. Ukishapata upande wa jua, shimo halikupi shida tena: kivuli cha shimo kiko ndani, upande uleule wa jua, na ukuta wa mbali ndio unaong'aa. Kilima ni kinyume chake. Macho yakikataa hata baada ya hapo, igeuze simu juu chini, ila funga kwanza mzunguko wa skrini, la sivyo picha nayo itageuka na hutapata faida yoyote.

Urefu wa jua nao hubadilisha hesabu. Simama pembeni ya shamba la viazi saa moja asubuhi, kila tuta lina kivuli chake na unaweza kuyahesabu matuta ukiwa barabarani. Rudi saa sita mchana, shamba lilelile linaonekana tambarare. Mwezini ni hivyohivyo. Picha iliyopigwa jua likiwa chini huonyesha hata mashimo yaliyolika, yaliyobaki kama vibonyeo. Iliyopigwa jua likiwa juu huficha maumbo lakini hutoa vizuri tofauti za rangi ya udongo, kama ile michirizi myeupe inayotawanyika kutoka kwenye mashimo mapya. Ndiyo maana hatukubali kikundi kilinganishe idadi ya mashimo ya picha mbili kabla hakijaangalia pembe ya jua ya kila moja.

Turudi kwenye ukingo. Kanuni tunayotumia, na ambayo miradi mingi ya mashimo inaitaka, ni mgongo wa ukingo, yaani sehemu ya juu kabisa ya kingo. Upande wa jua, mgongo ni pale kivuli kinapoanzia. Upande wa mbali, ni pale ukuta unaong'aa unapokutana na ardhi ya nje. Chora duara, kisha likague sehemu nne: juu, chini, kushoto, kulia. Likigusa mgongo sehemu tatu na kuukosa moja, usilikuze lote ili liguse ya nne, lisogeze kwanza. Wanaoanza hukuza kila wanapoona pengo, na hapo ndipo vipenyo vinapovimba.

Kwa nini tunang'ang'ania pikseli moja au mbili, yaani vile vidoti vidogo kabisa vinavyounda picha? Kwa sababu watafiti hutumia idadi ya mashimo yaliyochimbwa na vimondo kukadiria umri wa uso wa Mwezi (uso uliokaa muda mrefu umegongwa mara nyingi zaidi), na mashimo madogo ni mengi mno kuliko makubwa. Katika ukubwa mwingi tunaoushughulikia, kipenyo kikipungua nusu, idadi huongezeka karibu mara nane. Sasa chukulia kikundi kinachora kila duara likiwa kubwa kwa asilimia 10. Moja nukta moja ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu unapata 1.33. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo limekuwa kosa la theluthi kwenye hesabu, na eneo litaonekana la kale kuliko lilivyo.

Ndiyo sababu pia miradi huweka kikomo cha chini cha ukubwa. Kikomo kikiwa pikseli 18, kukosea pikseli moja ni kosa la asilimia kama tano na nusu. Shimo la pikseli 6 lingebeba kosa la asilimia 17 kwa mkono uleule. Kamera ya karibu ya Lunar Reconnaissance Orbiter, chombo kinachouzunguka Mwezi kilichorushwa Juni 2009, huweza kufikia nusu mita kwa pikseli, hivyo shimo la pikseli 18 lina upana wa mita 9, kama urefu wa chumba cha darasa. Wanafunzi wakishajua hilo huacha kuita shimo lolote "kadoti".

Wataalamu wenyewe hawakubaliani sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wataalamu wanane picha zilezile za Mwezi na kulinganisha matokeo yao na ya watu wa kujitolea wa CosmoQuest, mradi mwingine wa mtandaoni wa kuwekea alama mashimo. Hesabu za wataalamu ziliachana kwa makumi ya asilimia, hasa kwenye mashimo yaliyochakaa, na alama za watu wa kujitolea zilipounganishwa zikawa zinalingana na za wataalamu. Tunawaeleza wanafunzi matokeo hayo mapema, wasifikiri kuna karatasi ya majibu imefichwa mahali fulani.

Huku kwetu kuna mifano miwili ya kufundishia ambayo ni rahisi kuwapeleka watoto. Kimondo cha Mbozi, kilichoko kilima cha Marengi upande wa Songwe, kina urefu wa mita kama tatu na uzito unaokadiriwa tani 16, sehemu kubwa yake chuma, nikeli ikifuata. Hakuna shimo lake linaloonekana. Ziwa Ngozi nalo, kwenye milima ya Poroto, limekaa ndani ya shimo kubwa la duara ambalo halihusiani kabisa na kimondo. Lilifanywa na volkano. Kwa hiyo kitu kinaweza kuanguka kisiache shimo, na shimo likawepo bila kitu kuanguka. Kwenye picha, shimo lisilo na ukingo ulioinuka huenda ni ardhi iliyotitia. Mashimo yaliyopangana kama shanga, marefumarefu kuelekea upande mmoja, mara nyingi yamechimbwa na mawe yaliyorushwa kutoka shimo kubwa la jirani. Mradi ukiwa na kitufe cha mashimo ya aina hiyo, kitumie. Usipokitumia, watafiti watayahesabu kama vimondo vilivyokuja kila kimoja kwa wakati wake.

Si kila mradi ni wa maduara. Planet Four, uliofunguliwa Januari 2013, hutumia picha za sayari ya Mirihi zilizopigwa na HiRISE, kamera iliyo kwenye chombo kinachoizunguka sayari hiyo. Majira ya kuchipua yanapofika ncha ya kusini ya sayari hiyo, barafu ya kaboni dayoksaidi hupata joto kwa chini, gesi hupasua njia na kurusha vumbi jeusi juu ya barafu. Upepo ukiwepo, vumbi hutandazwa kama feni ya mkononi. Usipokuwepo, linabaki doa. Zana ya feni ina mwelekeo: unaanza kubofya kwenye ncha nyembamba, pale gesi ilipotokea, na unaburuta kuelekea upande mpana. Ukianza upande mpana, umbo litaonekana sawa kabisa kwenye skrini yako, lakini umewaambia watafiti kwamba upepo ulivuma kinyume, nyuzi 180. Hili ni kosa lisilojionyesha. Tumejizoesha kumwambia kila mtu aseme kwa sauti "inatoka hapa" kabla ya kubofya feni tano za mwanzo.

Rangi nazo zisikudanganye. Picha za mradi wa The Milky Way Project zilitoka kwenye darubini ya Spitzer, iliyokuwa ikiona mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Kijani na nyekundu zilizomo ziligawiwa na watu ili kutofautisha marefu ya mawimbi. Kazi ilikuwa kuzungushia mapovu ya gesi na vumbi yanayopulizwa na nyota kubwa changa, kwa duaradufu yenye kingo mbili, ya ndani na ya nje. Orodha ya mwaka 2012 ilitoa mapovu 5,106. Wataalamu waliotangulia walikuwa wameorodhesha karibu 600. Na vile vidoti vya njano ambavyo watu walianza kuulizana habari zake humo vikaja kuwa somo la utafiti, kwa sababu kuna aliyeuliza badala ya kupita.

Kwenye picha za darubini, nusu ya kazi ni kujua kisicho cha angani. Nyota angavu katika picha za Hubble, darubini iliyoko angani, ina miale minne iliyopangika kama msalaba. Hiyo hutokana na vishikio vya kioo kidogo ndani ya darubini. Za darubini ya James Webb zina sita mikubwa na miwili midogo. Kijimstari kifupi chenye makali, cheupe kupita kiasi na kisicho na ukungu pembeni, ni chembe ya miale ya kosmiki (chembe zinazokwenda kasi sana kutoka angani) iliyogonga kamera, kwa sababu mwanga uliopita kwenye darubini lazima utawanyike kidogo. Mstari mnyoofu unaokata picha yote kutoka ukingo hadi ukingo ni setilaiti. Mstari mfupi uliopinda ni wa kuheshimu, maana huenda ni asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua: Hubble inaizunguka Dunia kila dakika 95 hivi, na kusogea huko kwa darubini ndiko kunakoupinda mchoro wa kitu kilicho karibu. Duara lenye tundu katikati, kama andazi la tundu, kwa kawaida ni vumbi kwenye kioo au mwanga uliorudi ndani ya darubini.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Kidole hufunika pikseli nyingi kuliko shimo lenyewe, kwa hiyo simu inafaa kwa miradi ya maswali ya ndiyo na hapana, kama galaksi ni ya duara au ina mikono. Kwa kuchora tumia kompyuta na kipanya cha waya; paneli ya kugusa ya laptop huteleza unapoachia na kusogeza duara pikseli mbili tatu bila wewe kuona. Usikae umelipa mgongo dirisha mchana, mng'ao hufuta vivuli vyote. Ukuzaji wa kivinjari uache asilimia 100, na ukitaka kukuza tumia zana ya mradi yenyewe. Bando haliliwi na picha: picha ya kilobaiti 200 mara 100 ni megabaiti 20. Kinacholila ni kompyuta kujisasisha kwa siri, kwa hiyo zima masasisho kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kipande, alama ambazo hujazituma zimepotea, basi maliza kipande kimoja kabisa kabla ya kuinuka. Miezi ya Juni na Julai, vidole vikiwa na baridi, vikao viwe vifupi. Kwetu dakika 25 zinatosha, halafu chai.

Kwenye kikundi, sheria ngumu kuliko zote kuishika ni hii: usiulize jirani kabla ya kutuma. Tumezoea kusaidiana, na mwalimu hupenda kuona darasa limekubaliana. Lakini kura kumi na tano zilizotokana na sauti ya mmoja ni kura moja. Kila mtu afanye peke yake, kisha wafungue picha ya mazoezi waliyoifanya wote, waweke matokeo ubaoni na kubishana. Tunatunza picha 20 za mazoezi ambazo kila mtu huzirudia baada ya wiki mbili bila kuona alama zake za zamani. Ukijilinganisha na wewe mwenyewe utaona mambo mawili: mashimo uliyoyaruka safari moja ukayaona safari nyingine, na kama vipenyo vyako vyote vimehamia upande mmoja. Hilo la pili ndilo la kurekebisha mara moja.

Upendeleo mwingine haujulikani mpaka upimwe. Galaxy Zoo ilipowauliza watu galaksi za mikono zinazunguka kuelekea wapi, zile za kinyume cha saa zilizidi. Ingekuwa jambo kubwa kuhusu ulimwengu. Watafiti wakawapa watu picha zilezile zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kinyume cha saa zikazidi tena. Upendeleo ulikuwa wa watazamaji. Jaribio hilo unaweza kulifanya na picha zako 20 kwa programu yoyote ya kuhariri picha.

Kwa wanaopakua alama zao na kuzichora upya juu ya picha asili, angalieni pale hesabu inapoanzia. Kivinjari huanza sifuri kwenye kona ya juu kushoto. Faili za FITS, aina ya faili za picha wanayoitumia wanaastronomia, huhesabu katikati ya pikseli ya kwanza kuwa moja, na kwa desturi pikseli hiyo huonyeshwa chini kushoto. Kwenye kipande chenye kimo cha pikseli 450, toa namba ya wima ya kivinjari kwenye 450 kisha ongeza 0.5, kwenye ya mlalo ongeza 0.5 tu. Alama zikitokea juu chini, umesahau hatua ya kwanza. Tena kumbuka kwamba kwenye picha za anga kaskazini ikiwa juu, mashariki iko kushoto, tofauti na ramani ya ukutani, kwa kuwa ramani unaitazama kutoka juu na anga unaitazama kutoka chini.

Lugha imetuchukulia muda kuliko tulivyotarajia. Maelekezo mengi ni ya Kiingereza, na mwanafunzi akitafsiri kichwani kila mara, uamuzi wake unayumba. Shimo, bonde, ufa, kibonyeo: mmoja huita bonde kile ambacho mwenzake anaita ufa, na vitufe viko viwili tofauti. Tunaandika karatasi ya manila kabla ya kuanza mradi, neno moja la Kiswahili kwa kila kitufe, na picha mbili zilizochapishwa pembeni: moja ya kitu chenyewe, moja ya kinachofanana nacho lakini sicho. Zooniverse huruhusu miradi kutafsiriwa. Mwenye nafasi ya kufanya hivyo aanze na ukurasa wa mafunzo na wa mifano kabla ya ukurasa wa utangulizi, kwa sababu huko ndiko alama zinakoharibika.

Ukikutana na kitu usichokielewa, usikilazimishe kuingia kwenye kitufe kilicho karibu. Mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la ajabu karibu na galaksi moja kwenye Galaxy Zoo, akauliza ni nini. Lilikuwa wingu la gesi lililoangazwa na kiini cha galaksi ile, na hadi leo linaitwa Hanny's Voorwerp. Kabla ya kubofya kitufe cha kumaliza, nakili namba ya kipande kwenye daftari, kwa sababu ukishatuma ni vigumu kukipata tena. Andika kiko sehemu gani ya picha, jua au kaskazini iko upande gani, na umbo lake kwa maneno matatu manne. Weka alama za vitu unavyovijua, hicho kiache, kiulizie kwenye ukurasa wa majadiliano wa mradi ukitaja namba, kisha fungua kipande kinachofuata.